Yaja leo, haiondoki leo: sindano ya farasi, kopo la kreatini au dagaa?

Kijana alikuja na chupa imefungwa kwenye gazeti, utadhani kabeba kipande cha nguru. Tulikuwa tumemaliza zoezi la jioni hapa Makorora, Tanga, vyuma vimerudishwa ukutani, vya dukani upande huu na vile vya zege tulivyomimina wenyewe kwenye makopo ya rangi upande ule. Akasubiri wenzake watoke mmoja mmoja, ndipo akanisogezea.

"Kocha, hebu nisomee. Nimeambiwa hii inakaa mwilini muda mrefu, huhangaiki kuchoma kila siku."

Nikafungua gazeti. Mafuta ya manjano, mazito, ukiinamisha chupa yanatembea kwa maringo. Lebo imechorwa kichwa cha farasi, chini yake jina refu: boldenoni andesileneti. Nikamuuliza kama kaona farasi. Akacheka, akasema jamaa aliyemuuzia kamwambia farasi ni alama ya nguvu tu, kama simba kwenye kiberiti.

Si alama, ni mgonjwa aliyekusudiwa. Hiyo ni dawa ya farasi waliodhoofika, ili wale, waongezeke uzito na manyoya yang'ae. Na kwenye lebo ya dawa hii huwa kuna onyo kwamba asipewe farasi atakayeliwa. Yaani nyama ya farasi huyo haifai mezani, halafu wewe unataka kuwa farasi mwenyewe.

Swali lake lakini nalijua, kwa sababu naulizwa na wengi tu: kati ya sindano, kopo la kreatini na chakula, nichague nini? Na wajanja zaidi huuliza, kati ya sindano hii na ile, ipi ina nafuu? Nitazipanga pembeni kwa pembeni, ila nasema mapema mizani yangu haiko sawa. Kuna kipimo kimoja nakiweka mbele ya vingine vyote, nacho ni hiki: ukijuta, inatoka lini?

Kilichomo chupani

Testosteroni ndiyo homoni ya kiume, inatengenezwa kwenye korodani zako mwenyewe. Mwaka 1935 wanakemia wa Ulaya walifanikiwa kuiunda maabara, na Butenandt na Ruzicka wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1939. Baada ya hapo kila kampuni ya dawa ilianza kuichokonoa: ongeza hiki, toa kile, uone kama utapata ya kujenga misuli bila kuota ndevu. Boldenoni ni mtoto wa michokonoo hiyo. Ni testosteroni ileile iliyobadilishwa kiungo kimoja tu kati ya atomi zake, na badiliko hilo linaifanya igeuke estrojeni kwa kiasi kidogo kuliko mama yake. Ndiyo maana wauzaji huisifu kwamba mwili unakuwa "mkavu", haujai maji.

Sasa urefu wa muda unatoka wapi? Homoni yenyewe ikiingia tupu haikai. Basi wanaifunga mkia wa asidi ya mafuta, kaboni kumi na moja, kisha wanaiyeyusha kwenye mafuta ya ufuta. Mkia huo asili yake ni nyonyo, hizihizi zinazojiotea nyuma ya nyumba zetu. Ukichomwa, yale mafuta yanatua ndani ya msuli kama mtungi wenye ufa: hayamwagiki, yanavuja. Kila tone linalovuja linakutana na vimeng'enya vinavyokata mkia, na homoni inaachiwa. Kazi hiyo inakwenda wiki baada ya wiki. Farasi huchomwa mara moja kila baada ya wiki tatu.

Fundi wa dawa aliyebuni hilo alikuwa na akili. Farasi mgonjwa husumbuki kumkimbiza kila siku na bomba la sindano. Ila umbuji uleule, ukihamia kwenye kalio la kijana wa Makorora, unageuka mtego.

Muda, ambao ndio shauri lenyewe

Kwa binadamu, boldenoni yenye mkia huo hupungua kwa nusu kila baada ya siku kumi na nne hivi. Piga hesabu. Umechoma leo, wiki mbili zijazo nusu bado imo. Mwezi mmoja, robo. Wiki sita, sehemu moja ya nane. Na hapo ni sindano moja tu. Wanaochoma hawachomi moja, wanarundika mpya juu ya mabaki ya ile ya zamani.

Ukipata chunusi mgongo mzima, utangoja. Presha ikipanda, utangoja. Ukianza kugombana na kila mtu nyumbani, mpaka mama anakukalisha barazani kukuuliza una nini mwanangu, hakuna kidonge cha kuyanyonya yale mafuta yatoke. Kitu cha kumeza unaacha kesho yake. Hiki hakiachiki, kinaisha chenyewe kikitaka.

Halafu kuna korodani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayopima homoni ya kiume kwenye damu kila wakati. Ikiona imejaa, haina habari kwamba imetoka chupani. Inadhani korodani zimezidisha kazi, basi inazizimia taa. Zinasinyaa. Mbegu zinapungua, kwa wengine zinaisha kabisa. Kuwaka tena kunasubiri kwanza dawa itoke, ndiyo tezi izinduke, ndiyo korodani zianze, na mbegu moja kuanzia mwanzo hadi kukomaa huchukua siku sabini na kitu. Kwa hiyo mtu aliyeoa Shaaban akaacha sindano siku ya harusi asishangae mwaka ukipita na mke hajashika mimba. Wengi hurudi sawa baada ya miezi, wengine mwaka na zaidi, na wapo wasiorudi vizuri mpaka watibiwe. Katika familia zetu, mimba ikichelewa, anayesemwa vibaya ni mwanamke. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na kaka yule hakufungua mdomo kusema alichokuwa akijichoma.

Msemo wetu wa Tanga ni waja leo, waondoka leo. Hii yaja leo, haiondoki leo.

Ndugu zake wawili

Wajanja wanaosema "basi mimi nitachoma ya binadamu" nao wana hoja, nisiwadharau. Kuna nandroloni, ambayo mtaani huitwa deka, nayo ni dawa halali ya watu: imetumika kwa upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo na kwa waliokonda kwa maradhi, sindano moja kila wiki tatu au nne. Na kuna testosteroni yenyewe, ya aina mbalimbali: ipo ya kuchoma kila wiki mbili mpaka nne, na ipo ya mkia mrefu inayochomwa kila wiki kumi mpaka kumi na nne.

Nikizipanga hizo tatu kama mtu anayeshikiwa panga achague, ya kwanza ni testosteroni, ya mwisho ni boldenoni. Testosteroni mwili unaijua, daktari akikutoa damu anaona kiwango chako na kusema hapa umezidi. Ina kipimo cha binadamu kilichoandikwa. Nandroloni nayo ina kipimo cha binadamu, ila ina sifa mbaya ya kumlaza mwanaume: kifua kimejaa, chumbani hakuna habari. Kisha huonekana kwenye mkojo mwaka na zaidi baada ya kuchoma, hivyo bondia au mchezaji anayetarajia kupimwa ajue anabeba ushahidi wake mwenyewe. Boldenoni kipimo chake ni cha farasi kwa kilo za farasi. Anayekwambia "mililita mbili zinakutosha" kakitoa kichwani, au kakitoa kwa mwenzake aliyekitoa kichwani.

Zote tatu zimepigwa marufuku michezoni, wakati wa mashindano na nje ya mashindano. Zote tatu zinazima ile tezi. Na zote tatu kwa dada zetu wanaonyanyua ni hatari ya namna nyingine: sauti ikishakuwa nzito, hairudi hata ukiacha. Hapo sina haja ya kuongeza neno.

Kwa walio chini ya miaka ishirini, ambao ndio wengi wanaonijia, homoni hizi zinaweza kufunga mapema ncha za mifupa inayokua. Umetaka mwili, umeuza urefu.

Je, zinafanya kazi?

Zinafanya. Makocha wanaowaambia vijana kwamba sindano ni maji tu wanajivunjia heshima, kwa sababu kijana anamwona jirani yake kavimba ndani ya miezi miwili.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1996, wanaume 43 wenye afya, wiki kumi. Wengine walichomwa testosteroni kwa kipimo kikubwa, wengine sindano isiyo na dawa; nusu wakafanya mazoezi ya vyuma, nusu wakakaa. Waliofanya mazoezi bila dawa walipata kama kilo mbili za mwili usio mafuta. Waliochomwa na kukaa tu walipata kilo tatu. Waliochomwa na kufanya mazoezi, kilo sita.

Soma tena hapo katikati. Aliyekaa kitako kamzidi aliyetoka jasho. Mimi nimenyanyua vyuma miaka ishirini na zaidi, na namba hiyo mpaka leo inanichoma. Ila ni kweli, na ukiificha utaonekana mwongo siku nyingine zote.

Tofauti ni kwamba wale walichunguzwa na madaktari kwa wiki kumi, dawa yao ilikuwa halisi, na ilikuwa testosteroni. Hawakuwa na chupa ya gazetini. Na wanaoendelea miaka? Mwaka 2017 ulitoka utafiti mwingine wa Marekani uliopima mioyo ya wanaume 140 wanaonyanyua vyuma, 86 kati yao watumiaji wa muda mrefu wa steroidi, yaani homoni hizi za kujenga misuli. Moyo kila ukipiga husukuma sehemu fulani ya damu iliyomo ndani yake. Kwa wasiotumia, wastani ulikuwa asilimia 63. Kwa watumiaji, 52. Mishipa ya moyo nayo ilikuwa na utando wa mafuta zaidi. Kwa macho wote wangeonekana majitu, na huenda wale wenye mioyo iliyochoka ndio wangepigiwa makofi ufukweni Raskazone.

Damu pia inakuwa nzito, maana homoni hizi zinachochea chembe nyekundu kuzaliwa kwa wingi. Ongeza joto letu la mwezi wa Machi na jasho la kibanda cha mabati.

Kopo la kreatini

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu jambo lenyewe halina siri. Kreatini si homoni. Ipo kwenye nyama na samaki, na mwili wako unaitengeneza wenyewe. Inajaza akiba ya nguvu ya haraka ndani ya msuli, ile unayotumia kunyanyua mara nane badala ya sita. Gramu tatu mpaka tano kwa siku, kijiko kidogo cha chai, kwenye maji au uji. Wiki za mwanzo mwili hushika maji, unaweza kuongezeka kilo moja au mbili, na watu hudhani tayari ni misuli. Ukiacha, akiba inarudi ilipokuwa ndani ya wiki nne mpaka sita, na hakuna tezi iliyozimwa. Michezoni haijapigwa marufuku.

Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari. Na hata mwenye figo nzima, akienda kupima damu aseme anatumia, kwa sababu kipimo cha kreatinini kinaweza kupanda kidogo na daktari akashtuka bure.

Kasoro yake kubwa ni kopo lenyewe. Mnamkumbuka Pogba, mwanasoka wa Ufaransa: alipimwa Agosti 2023 akakutwa na dalili za testosteroni, akafungiwa miaka minne, kisha mahakama ya michezo ikaipunguza ikawa miezi kumi na minane. Utetezi wake ulikuwa kwamba ilitoka kwenye virutubisho alivyomeza. Yeye ana madaktari na mawakili. Wewe ukinunua unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni, mchanganyiko wa "kreatini na siri nyingine", umerudi palepale kwenye chupa ya gazeti. Nunua kopo lililofungwa, lenye kitu kimoja tu ndani yake, au usinunue kabisa.

Dagaa, mayai, maharage

Kijana wa kilo sabini anayenyanyua vyuma kwa dhati anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Hiyo ni gramu 112. Wengi wakisikia hivyo wanadhani lazima kopo la unga kutoka nje. Twende sokoni Mgandini tukahesabu.

Mayai manne, gramu ishirini na nne. Dagaa wakavu gramu hamsini, ambao ni viganja viwili vya kujaza, gramu thelathini. Vikombe viwili vya maharage yaliyoiva, thelathini. Nusu lita ya maziwa, kumi na sita. Jumla mia moja kamili, na ugali au wali na chapati za siku nzima utamalizia zilizobaki bila wewe kuhesabu. Siku ukipita kule Deep Sea madau yakirudi, ukapata vibua vya bei ya kuongea, mayai unapumzika. Pweza nao ni protini safi. Hizo sifa nyingine za supu yake nawaachia wauzaji wa usiku, kila mtu na imani yake.

Tatizo la vijana wengi si kwamba chakula hakitoshi kwa jumla, ni kwamba kinakaa upande mmoja. Asubuhi chai na mihogo, mchana wali na mchuzi mwekundu, usiku chipsi. Kisha anasema mwili wake "haushiki". Nikamwambia huyu wa gazeti aniandikie alichokula siku tatu. Aliandika nyuma ya risiti ya vocha, na protini yote ya siku tatu ilikuwa mayai mawili, yale ya kwenye chipsi. Sasa hapo utamlaumu nani, mwili?

Chakula nacho kina ubaya wake, nao ni upole. Zile kilo mbili za wiki kumi hazijirudii kila mara. Mwaka wa tatu utasherehekea kilo moja. Mwezi wa Ramadhani tunanyanyua baada ya tarawehe, nusu ya uzito wa kawaida, na wengine wanapungua. Picha ya kabla na baada haipendezi kuirusha mtandaoni. Lakini ukiacha miezi mitatu kwa sababu ya homa au kazi ya safari, unarudi na msuli unakumbuka, haraka kuliko mara ya kwanza. Na hakuna cha kungoja kitoke.

Nani achague nini

Chini ya miaka ishirini na tano, unalala usingizi, huna ugonjwa: dagaa na mayai mwaka mzima kwanza. Ukishakula hivyo bila kuruka na bado unataka kuongeza, kreatini. Nimeona watu wakianza na kopo kabla ya sahani, wanapoteza pesa. Pesa ya chupa moja ya mafuta yale inanunua trei za mayai za kutosha kuanza.

Unayetaka kupanda ulingoni au kucheza ligi: hapana kwa sindano zote tatu, na angalia kopo unalofungua.

Mwenye dalili za kweli, yaani hamu imekwisha, uchovu usioeleweka, ndevu zinapungua, huna watoto na umri unakwenda, usijitibu jimu. Nenda hospitali ya Bombo au kwa daktari unayemwamini, upimwe testosteroni asubuhi, na kipimo kirudiwe siku nyingine kabla mtu hajakuita mgonjwa. Ikionekana imepungua kweli, kuna tiba, na hapo sindano inayokaa muda mrefu ni baraka. Ila mwambie pia kama unataka watoto karibuni, kwa sababu hata testosteroni ya hospitali inazima mbegu, na kuna njia nyingine atakupa.

Na wewe uliyekwisha kuchoma, sikufukuzi. Usiongeze nyingine ya "kusafisha" uliyouziwa na mtu yuleyule. Pima presha. Pima wingi wa damu, mafuta ya damu na ini. Kama mlichangia sindano, pima Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B. Bomba moja likizunguka watu wanne, kila mmoja kawachoma wenzake. Palipochomwa pakivimba, pakawa moto na pekundu, usipakande kwa maji ya moto nyumbani, hilo huenda ni jipu, na likiwa jipu linataka kupasuliwa mahali pasafi. Mwenzetu mmoja alikanda siku tisa, akaenda kulazwa kwa kulalia tumbo. Na unapokwenda, chukua na chupa yenyewe, daktari asome jina asibahatishe.

Ya huyu kijana ninayo mimi, juu ya kabati, nasubiri niipeleke duka la dawa waiharibu wanavyojua. Aliniachia siku ileile baada ya zile hesabu za mayai, kwa shingo upande, kisha wiki iliyofuata akaja kudai nimrudishie pesa yake, eti mimi ndiye niliyemharibia biashara. Nimempa trei mbili. Anasema bado ananidai, nami namwambia namdai yeye, na kila Jumatatu tukimaliza kuchuchumaa na chuma mabegani, tunaanza upya kuvutana.